Mtu Tuliyemzika Bila Kumwona

Mwenzangu wa kazi aliacha kula na mimi kwenye sahani moja, nami nikadhani ni kiburi. Kwa watu wengine jambo hili lilianza mapema kuliko hapo, lakini mimi nasimulia kutoka mahali niliposimama.

Tulikuwa mafundi wawili wa mbao pale Nyamasaria, kando ya barabara ya kwenda Nairobi, chini ya mabati sita. Ilikuwa miaka ya themanini na Nyamasaria ilikuwa bado na mashamba katikati ya nyumba. Mimi nilikuwa wa randa na patasi, yeye wa msasa na vanishi. Tulitengeneza vitanda, milango, makabati, na majeneza, maana watu wakikosa haja ya kabati bado watakufa. Shule niliachia darasa la tatu, sababu mdogo wangu alikuwa na kichwa kizuri kuliko changu na baba, mwenye karo ya mtoto mmoja, hakuwa na haja ya kuficha hilo. Kusoma najua kidogo, kuandika ndio hivi mnavyoona. Lakini kupima najua. Ukipita mbele yangu mara mbili nitakuambia urefu wa kitanda chako.

Mwenzangu alikuwa mrefu, mguu wa kushoto mfupi kidogo, na mkono wa vanishi sijaona tena. Alipofika mwisho wa ubao aliinua brashi polepole, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala, na alama haikubaki. Saa saba mama mmoja wa jirani alituletea ugali na omena, sahani moja, tunachota wote. Miaka minne hivyo. Halafu siku moja akaja na bakuli lake kutoka nyumbani, akageuka akala akitazama barabara.

Siku ya kwanza nilinyamaza. Ya tatu ikanishinda.

“Bwana, mboga yangu imekuwa na sumu?”

“Si mboga.”

“Basi ni mimi nanuka.”

“Wewe umenuka miaka yote na nimekula.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka bakuli chini akasema, “Kuna kitu nimefanya. Siwezi kutia mkono pamoja na wewe.”

Hapo nikaacha kutafuna. Kwetu sisi watu wa ziwa, aliyemwaga damu ya mtu hali sahani moja na watu mpaka wazee wa kwao wamtengeneze kwa dawa na kumwosha. Hakuna aliyenifundisha hiyo. Unakua nayo tu.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, mvumilie. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, kule Migosi alikopanga chumba, mwenye ploti aliuawa karibu na mfereji wa maji ya bomba. Alikuwa mzee mgumu. Alifunga mfereji kwa kufuli, akafungua asubuhi na jioni, katikati ya hapo ukishikwa na kiu ni shauri yako na Mungu. Katika ploti hiyo aliishi kijana aliyekuwa akikata miwa Muhoroni, panga likamkata vidole viwili, akaja mjini kutafuta kazi nyingine. Asubuhi ile alikosa maji. Akasimama uani na ndoo tupu, akamwambia mzee mbele ya akina mama wote, “Mzee, iko siku hiyo kufuli utaimeza.” Watu wakacheka sana. Mchana mzee akapatikana amepasuliwa kichwa, na kijana huyo amempakata, shati lote damu, akipiga kelele waletewe maji. Na mfereji umefungwa. Wale waliocheka asubuhi ndio waliokumbuka maneno jioni, mbele ya polisi.

Sisi kazini tulikuwa tumezungumza habari hiyo kama kila mtu. Hata mimi nilisema, vijana wa siku hizi hasira yao iko karibu.

“Ni mimi,” mwenzangu akaniambia. “Nilirudi mchana kunywa maji. Nilikuwa na kipande cha mvule kutoka hapa, nitengenezee kitanda changu mguu. Nikamwomba afungue. Akatazama mguu wangu, akasema mimi ni meza iliyotupwa na fundi mlevi. Nikampiga mara moja. Mara moja tu, Bwana. Nikadhani ataamka anitukane tena.”

“Na yule kijana?”

“Nilimwona anamwinua. Nikapita nyuma ya vyoo.”

“Enda useme.”

“Nitaenda. Lakini nikienda hivi nilivyo, nifie huko ndani bila kutengenezwa, hii kitu itakaa na watoto wangu. Niache nivuke kwetu kwanza waniondolee. Wiki mbili. Halafu nitarudi nijipeleke, na wewe utanisindikiza.”

Nikakubali. Naandika hivyo bila kuongeza kitu: nilikubali. Kituo cha polisi hakikuwa mbali, mguu wangu ulikuwa mzima, na nilikaa. Nilijiambia wiki mbili si nyingi kwa kijana aliye rumande. Aliye nje huona wiki mbili ni kitu kidogo.

Kwao kulikuwa ng’ambo ya ghuba. Alipanda mashua iliyojaa watu na magunia ya makaa, upepo wa mchana ukaigeuza kabla hawajafika. Waliokufa waliibuka siku ya tatu, mmoja baada ya mwingine, ila yeye. Nilivuka, nikakaa kwao siku tisa. Vijana walitafuta kwenye mafunjo mpaka wakachubuka miguu. Mama yake alikaa ufukoni akiita jina lake la utotoni. Mwisho wazee wakasema imetosha.

Ziwa likikataa kumrudisha mtu, sisi hatumwachi bila kaburi. Kuna mti tunaouita yago, tunda lake ni refu na zito kama mkono wa mtu mnene. Wanalikata tunda hilo, wanalifunga kwenye shuka, linalazwa ndani ya nyumba yake na kuliliwa usiku na mchana, halafu linazikwa mahali ambapo angezikwa yeye. Jeneza nililitengeneza mimi. Waliniambia fanya dogo, nikasema hapana, nikalikata urefu wake, sikuhitaji kupima. Tunda likawa linaviringika ndani, wakajaza nguo zake pembeni. Mkewe akaliangukia na kulikumbatia. Nilipotupa udongo nilitupa juu ya mwenzangu, si juu ya tunda. Machozi yangu hayakuwa ya maigizo. Mtu asiyeelewa hapo hataelewa mengine.

Nikarudi Nyamasaria na maneno ya mtu kifuani, na mwenyewe hayupo.

Mama yake kijana wa miwa alikuwa akipita mbele ya kibanda chetu. Alikuwa amehamia kwa dada yake hapo karibu, na siku za kuonana alibeba uji kwenye chupa kwenda rumande, wakati mwingine anaruhusiwa, wakati mwingine anarudi nao. Akirudi nao alikaa kwenye vipande vyangu vya mbao, akaunywa yeye, akitazama magari. Hakujua amekaa kwa nani. Alinieleza habari za mwanawe, alivyokuwa hodari wa kukata miwa, vidole vyake, jinsi mkono ulivyomsumbua baridi ikiingia. Mimi napiga randa. Ubao ambao ungehitaji kupigwa mara kumi nimeupiga mara mia, umekuwa mwembamba kama karatasi.

Siku moja nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, “Baba, umekaa na hii maneno tangu lini?”

“Tangu kabla ya mvua.”

“Na mvua imeisha.”

Akainuka akaenda moja kwa moja kwa wakili.

Wakili alikuwa kijana, amepewa na serikali, maana kesi ya kunyongwa huwezi kuachwa bila wakili. Alikuja kunisikiliza siku moja kabla ya mimi kutoa ushahidi, tumesimama kwenye veranda ya korti, karatasi zinamtoroka mikononi. Akanieleza kwamba maneno aliyosema mtu mwingine hayaingii kortini kwa mdomo wangu. Jaji anataka mwenye maneno aje mwenyewe, aape, aulizwe maswali. Lakini kama mwenyewe amekufa, na maneno yake yalikuwa ya kujitia hatarini, basi yanaweza kupokelewa. “Amekufa?” akaniuliza. “Amekufa,” nikasema. “Una hakika?” “Jeneza nilitengeneza mimi.” Akafurahi, akaandika.

Sikumdanganya. Hakuuliza zaidi, na kwangu hapakuwa na zaidi.

Korti kuu siku hiyo ilijaa. Jaji juu, hakuwa mtu wa kwetu ziwani. Chini yake wazee watatu wa baraza, maana zamani kesi ya mauaji ilisikilizwa na wazee wa kawaida pamoja na jaji, wapate kusema maoni yao. Mmoja nilimfahamu kwa sura, alikuwa muuza kamba sokoni. Kijana kizimbani, shati limefungwa mpaka shingoni, ule mkono wa vidole vitatu juu ya ubao. Mama yake mstari wa pili.

Karani akaniuliza nitasema lugha gani. Nikasema Kiswahili. Ujinga wangu wa kwanza ulikuwa huo. Nilitaka kuonekana mtu wa mjini, na kumbe mambo niliyobeba yalikuwa ya nyumbani, yalifaa lugha ya nyumbani. Nikaapa kwa Biblia. Wakili akaniongoza, nikaeleza mwenzangu ni nani, nikaeleza kuhusu sahani. Nilipotaka kusema alichoniambia, kiongozi wa mashtaka akaruka. Mtu mnene, mpole, sauti kama ya mwalimu wa kwaya. Wakabishana Kiingereza. Halafu wakili akanigeukia, “Mtu huyo yuko wapi sasa?”

“Amekufa. Tulimzika kwao.”

“Ulikuwepo?”

“Nilitupa udongo kwa mkono huu.”

Jaji akaandika, akakubali nisikike. Nikasema yote. Kipande cha mvule, mfereji, meza iliyotupwa na fundi mlevi, kupita nyuma ya vyoo. Nilionyeshwa kile kipande, polisi walikiokota karibu na maiti, kina karatasi imefungwa kwa uzi, nikakitambua, kina shimo la patasi nililoanza nikaliacha. Sikuwahi kusema vizuri maishani kama siku ile. Nilimwona yule mama amefunga macho. Kijana alikuwa ameinua kichwa, ananitazama kama mtu anayetazama mlango unafunguliwa.

Halafu mnene akasimama.

“Mzee, pole kwa kumpoteza rafiki.”

“Asante.”

“Vipande kama hiki, mnavifanyia nini pale kazini?”

“Tunawapa watu, wanapikia.”

“Watu wa Migosi pia?”

“Yeyote anayepita.”

“Haya. Maiti ya rafiki yako, uliiona wapi mara ya kwanza?”

Nikamtazama wakili.

“Si swali gumu, Mzee. Ulitengeneza jeneza. Nani alimlaza ndani?”

“Wazee wa kwao.”

“Walimlaza nani?”

Ningegeukia Kijaluo hapo, pengine ningeeleza vizuri. Lakini nilikuwa nimeshajifunga na Kiswahili changu cha mjini. Nikasema, “Walilaza yago.”

“Yago ni nini?”

“Ni... ni tunda.”

Nyuma mtu akacheka, kisha wengi. Mkalimani aliyekuwa akimtafsiria jaji, mtu wa kwetu anayejua kila kitu, akainamisha kichwa akalisema neno hilo kwa Kiingereza kwa sauti ndogo. Jaji akavua miwani.

“Kwa hiyo umeapa mbele ya korti hii kwamba mlimzika mtu,” mnene akasema, “na mlizika tunda.”

“Tulimzika yeye.”

“Ndani ya jeneza kulikuwa na nini?”

“Tunda. Na nguo zake.”

“Sina swali lingine.”

Wazee watatu wa baraza hawakucheka. Muuza kamba alinitazama kwa huzuni, kama mtu anayeona mwenzake anatumbukia shimoni mchana kweupe. Siku ya maoni wote watatu walisimama mmoja mmoja wakasema kijana hana hatia. Muuza kamba aliongeza kwamba mtu haachi sahani ya rafiki yake bure. Jaji akawashukuru. Akasema amewasikia, lakini sheria haimlazimishi kufuata maoni yao. Katika hukumu alisema shahidi wa utetezi aliapa uongo kuhusu kifo na mazishi, na mtu aliyedanganya katika jambo kubwa kama hilo hawezi kuaminiwa katika lingine lolote. Shahidi wa utetezi ni mimi. Maneno ya mwenzangu yakatupwa pamoja na tunda. Kijana akahukumiwa kunyongwa.

Mama yake alipita karibu nami tukitoka. Nilingoja anitemee mate. Akasema tu, “Baba, si ungesema hujui?”

Ilichukua muda mrefu nielewe alichosema yule mama asiyejua hata kusoma. Wakili mwingine, wa rufani, ndiye aliyenieleza baadaye, mtu mzima mwenye mvi. Akasema sheria haikutaka maiti. Kama mwenye maneno hapatikani, baada ya kutafutwa, maneno yake pia yanaweza kusikilizwa. “Ungesema ziwa lilimchukua, tulitafuta siku tisa, hakuonekana tena. Hiyo ni kweli tupu, na ingetosha.” Nikamwuliza, basi majaji wa rufani wasikie hivyo. Akasema atajaribu. Majaji hao wakasema jaji wa kwanza ndiye aliyemwona shahidi kwa macho, wao hawawezi kuamini mtu ambaye yeye hakumwamini.

Lakini nimeruka kitu. Kabla ya rufani, mama mmoja muuza samaki alinipitia akasema kwenye kisiwa fulani, karibu na upande wa Uganda, ameona mtu anapaka rangi mashua, mrefu, mguu mmoja mfupi. Alisema kama mzaha, “Fundi, ndugu yako amefufuka.” Nilikaa na hiyo habari mwezi mzima. Nitasema kwa nini. Niliogopa kumpata. Akiwa hai, basi nilizika tunda kweli, na nilimlilia mtu aliyenikimbia, na mnene wa kortini alikuwa na haki ya kucheka.

Nilipokwenda, waliniambia ameondoka siku kumi zilizopita, hawajui alikokwenda, na jina alilowapa sikulifahamu. Mashua zake zilikuwa bado zimeegeshwa. Nikapiga magoti mchangani, nikatazama mwisho wa kila ubao. Hapakuwa na alama ya brashi. Nikapitisha kidole kwenye ubao, nikarudia, jua likaniunguza shingo mpaka mvuvi mmoja akaniuliza kama nataka kununua. Nilimweleza wakili wa rufani habari hiyo. Akasema, si kwa ubaya, kwamba hawezi kumwita brashi awe shahidi.

Pengine wako mafundi wengine wenye mkono huo. Mimi sijawaona.

Miaka ya tisini gugu likaja likafunika ziwa, mkisimama Kisumu mnaona kama uwanja wa majani mpaka mbali, mashua zimekwama kama ng’ombe matopeni. Watu walilalamikia samaki. Mimi nilikuwa nafikiria kilicho chini. Mpaka leo mtu mrefu akipita barabarani natazama mguu kabla ya uso. Na majeneza niliacha kutengeneza. Wateja walinung’unika, wakazoea.

Kijana hakunyongwa. Nchi iliacha kunyonga watu wakati huo, lakini haikuwaambia waliokuwa wakingoja. Alikufa kwa kifua huko ndani, miaka ya tisini ikielekea mwisho, barua ikapitia kwa chifu. Tangu hukumu nilimwona mara moja tu kabla hajafa. Nilisafiri na mama yake mpaka lile gereza kubwa la upande wa Nairobi. Yeye akaingia kwanza, halafu mimi. Kulikuwa na wavu katikati yetu. Alikuwa amezeeka kunipita. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, kuhusu tunda, kuhusu lugha, kuhusu zile wiki mbili, akaninyamazisha kwa ule mkono wa vidole vitatu.

“Baba, mimi sikukasirikii. Lakini nakuomba kitu.”

“Sema.”

“Usije tena. Mwambie na Mama asije mara nyingi, mimi nimeshindwa kumwambia.”

“Kwa nini?”

“Sisi humu tunajulikana kwa namba. Jina wanaliita kwa mambo mawili tu, mgeni amekuja, ama siku yako imefika. Askari akianza kuita, wote tunaacha kupumua. Hata kama si wewe. Leo ameniita mara mbili, ya Mama na yako. Nimekufa mara mbili tangu asubuhi.”

Nikamwuliza kama anajua yule yuko hai au amekufa, nikimaanisha mwenzangu. Sijui kwa nini nilimwuliza yeye. Akatabasamu, akasema, “Hata mimi nilitaka kukuuliza wewe.”

Askari akagonga wavu. Kwetu mtu huaga kwa kumwita mwenzake jina, na nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Nikaufunga. Nikamwinulia mkono, akainua wake, nikatoka nje kwenda kutafuta namna ya kumwambia mama yake.